MUCHORE MUTU, MUSICHORE KITAMBULISHO

Ingia leo ku kilio chochote, hapa Sakania ao kule Lubumbashi, na kitu cha kwanza utakachoona mbele ya watu ni sura ya marehemu: kubwa, ndani ya kadre, kitambaa cheupe nyuma, maua ya plastiki pembeni. Nimekwisha kukesha mbele ya sura nyingi za namna ile. Na kwa kuwa usiku wa kilio ni murefu na macho yanatafuta pa kukaa, nimeziangalia vizuri, moja moja, na sasa nitasema waziwazi jambo ambalo wengi wanaliona na wananyamaza: sura zile zinafanana zote. Muzee aliyekuwa mukali mpaka mbwa wa jirani wanamuogopa, mama ambaye kicheko chake kilisikika ku avenue ya pili, kijana aliyekufa angali na uchungu wa kukosa kazi, wote wanapewa uso moja. Macho yanatazama mbele, mudomo umefungwa, ngozi ni laini kama sahani ya sherehe. Ungezibadilisha kadre kati ya familia mbili usiku, kesho yake watu wangelia vile vile.

Zamani kidogo sura hizo zilitoka mikononi mwa vijana wetu wanaochora kwa kalamu ao kwa makala. Siku hizi nyingi zinatoka ku mashini, kwa duka la kopi, pamoja na mawingu ya mbinguni nyuma na koti ambalo marehemu hakulivaa hata siku moja. Juu ya mashini sina mengi ya kusema. Mashini inafanya ile inayoagizwa. Ninawageukia wachoraji, kwa sababu wao wana macho, na wamekubali kushindana na mashini katika kazi ambayo mashini inaiweza kuliko wao.

Angalia jinsi wanavyofanya. Familia inaleta foto ndogo. Foto hiyo imetoka wapi? Mara nyingi ni ile ya kadi ya muchaguzi, ambayo tangu uandikishaji wa 2005 njo imekuwa kitambulisho chetu ku benki, ku mupaka, kila pahali. Ao ni ya paspoti. Muchoraji anapiga juu yake mistari ya miraba, wao wanaita karo, kisha anapiga karo zingine kubwa juu ya karatasi, na anahamisha mustari kwa mustari, pua kwenye karo yake, sikio kwenye karo yake. Kazi ikiisha, watu wanashangaa: "Ni yeye kabisa!" Kweli, pua ni yake. Lakini mutafikiri kidogo ile foto ilipigwa kwa kusudi gani. Sheria za paspoti za dunia nzima zinaomba uso usioonyesha kitu: mudomo ufungwe, musicheke, musikunje uso, mutazame mbele. Ni foto iliyoamriwa isikuwe na moyo. Mutindo ule ulitengenezwa na polisi. Huko Paris, katika miaka ya 1880, Alphonse Bertillon aliweka kanuni ya kupiga foto ya kila mutu aliyekamatwa, mara moja mbele na mara moja ubavu, mwanga ule ule, umbali ule ule, ili mwizi akirudi atambulike. Kazi ilikuwa kumutambua mutu, bila haja ya kumufahamu. Sisi tunachukua ile foto ya kutambua wezi, tunaikuza mara ishirini, tunaiweka juu ya jeneza la mama yetu, na tunasema: njo huyu.

Hapo nina ugomvi.

Kuna watu, tena wenye masomo, wanaonijibu kwamba kuchora uso na hali ya moyo ni mambo ya Wazungu, ya kina Rembrandt, na kwamba wazee wetu hawakujua vile. Kwa hiyo hakuna desturi ya kulinda. Wanaosema hivyo hawajaangalia mali yao wenyewe. Kaskazini mwa Katanga ya zamani, upande ambao leo ni jimbo la Tanganyika, Wahemba walichonga sanamu za mababu, wanaziita singiti. Babu amesimama, mikono miwili pembeni ya tumbo, macho yamefungwa nusu, uso umetulia. Sanamu hiyo haikutafuta kovu la fulani ao meno ya fulani, lakini ukoo ulijua ni ya nani. Muchongaji aliamua jambo moja juu ya babu huyo: kwamba ni mutu mwenye kujimiliki, anayesikiliza kuliko kusema. Ile njo tabia. Inaonekana ku kope za macho na ku mabega, hata ukiwa mbali.

Tena kuna yule fundi wa Buli. Katika miaka ya 1930 Mubelgiji mumoja, Frans Olbrechts, alikuwa anapanga sanamu zilizochukuliwa Kongo, na aliona kwamba chache kati yao zina mukono moja: uso murefu, mashavu yameingia ndani, mifupa inaonekana, kipaji cha uso kimejaa mawazo. Mbili kati yao zilisemekana kutoka kijiji cha Buli, upande huo huo wa kaskazini, njo maana zikapata jina hilo. Iko moja ku musee ya Tervuren, mwanamuke aliyepiga magoti akishika bakuli. Mutu yeyote aliyekwisha kumuona mama yake akingoja habari ku hospitali atautambua uso ule. Hakuna foto hapo, hakuna karo. Fundi wa mbao, hata mashini ya umeme hana, ameweka uchovu na subira ndani ya muti mugumu, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanapanga mustari kuuona. Wajukuu wake tunakopi kadi ya muchaguzi.

Na kama sanamu ziko mbali, tusikilize lugha yetu basi. Mutu amekunja uso. Amevimbisha mudomo. Ametoa macho. Amekaza macho. Ana uso mukunjufu, ana uso mukavu. Ameshika tama: mukono ku shavu, na kila mutu anajua ana taabu bila kuuliza. Mutoto akiweka mikono miwili juu ya kichwa, mama anamupigia kelele palepale: "Toa mikono! Unalilia nani?", kwa sababu ule ni mukao wa kilio, na hauchezewi. Watu wenye maneno na makatazo mengi hivi juu ya uso na mikao ya mwili, wanawezaje kusema kwamba hali ya moyo ku uso si desturi yao? Tunasoma nyuso tangu asubuhi mpaka jioni, ku soko, ku kanisa, mbele ya mutu wa duane. Kalamu ikiingia mukononi tu, tunakuwa vipofu.

Muji wetu mukubwa ulikwisha kuwa na watu waliofikiri juu ya mambo haya. Mwaka wa 1946, Elisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, watu waliiita Hangar, na alikataa kabisa kuwapa vijana Wakongo picha za Ulaya wazikopi. Kila mumoja atafute mukono wake. Pilipili Mulongoy alipata samaki na ndege wake. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa vijistari vifupi vifupi. Bela Sara aliacha burashi, akachora kwa vidole. Kisha Laurent Moonens alianzisha Akademi ya sanaa mwaka wa 1951, na Romain-Desfossés alipokufa, mwaka wa 1954, karakana yake iliingia humo. Ninaheshimu njia zote mbili, ila ninaona kwamba Hangar ilitupatia samaki na nyoka wengi kuliko nyuso. Uso ulirudi baadaye, kwa wachoraji wa mitaa, wale waliouzia familia za wafanyakazi picha za kutundika ku chumba cha kupokelea wageni. Mukubwa wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka wa 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu kwa picha 101, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na akazieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya Johannes Fabian, aliyezitoa katika kitabu mwaka wa 1996. Tshibumba hakuwa na ufundi wa Akademi. Mikono ya watu wake mara zingine ni kama ya vibao. Lakini ukiangalia Lumumba wake, unajua mara moja mutu huyu anajua kitakachomupata. Ninapenda kosa moja la namna ile kuliko pua elfu zilizopimwa kwa rula.

Sasa nije ku makala yenyewe. (Nasikia kwa wenzetu wa Tanzania makala ni andiko la gazeti. Kwetu ni kile cha kupikia bukari. Basi hapa musomaji atapata makala ndani ya makala.)

Ninapendekeza makala kuliko kalamu ya risasi kwa sababu tatu, na ya kwanza ni kwamba hayana bei. Yale ya ku mufuko, ya muputu na mutondo, hayafai sana; ni magumu, yanakwaruza karatasi, kipande kimoja ni cheusi na kingine ni majivu. Mutu achukue vijiti vya mupera, unene wa kidole kidogo, avitoe maganda, avikaushe, avifunge ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko cha kubana, atoboe tundu moja kwa musumari, na aweke kopo ku mbabula. Moshi utatoka ku tundu. Ukikatika, aondoe kopo, na asifungue mpaka lipoe kabisa. Akifungua mapema hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu mbele ya macho yake. Vikikubali, atakuwa na vyombo vya miezi miwili. Mpira wa kufuta naye asinunue: nyama ya ndani ya mukate, ikifinyangwa kama mupira, inaondoa makala vizuri sana na haiharibu karatasi.

Ya pili, makala yanakataa ujanja wa karo. Kalamu ya risasi yenye ncha kali inakuruhusu kuhesabu nywele za nyusi. Kijiti cha makala ni kinene, kinavunjika, kinamwagika. Kinakulazimisha kuanza na kivuli kizima cha uso kabla ya kufikiri juu ya jicho. Mwanafunzi anayeanza na jicho la kushoto, akalimaliza na kope zake zote, kisha akaenda ku la kulia, huyo nimekwisha kujua atatoa kitambulisho. Ninamuomba afinye macho yake mpaka muzee aliyekaa mbele yake abaki mabaka mawili, la giza na la mwanga. Pale njo anaanza. Hali ya moyo inakaa katika mabaka yale kuliko katika kope: kichwa kilichoinama vidole viwili mbele, shingo iliyokazwa, bega moja juu ya lingine.

Ya tatu ni kidole. Makala yanapakwa na kufutwa kwa kidole, sawa vile Bela alivyofanya na rangi, na kidole kinajua mambo ya shavu ambayo kalamu haiyajui.

Lakini kuna jambo moja linaniuzi kuliko yote katika madaftari ya wanafunzi wetu, na nitalisema hata kama linauma. Tunachora watu weusi kana kwamba ni weupe. Karatasi ni nyeupe, mwanafunzi anaona haya kuijaza, anapiga mustari kuzunguka uso, anaweka macho na nywele nyeusi, na ngozi anaiacha tupu. Muzee Mulala, mweusi kama usiku, anageuka muzungu mwenye nywele fupi. Na yule anayejaribu kuijaza anapaka nyeusi sawasawa kila pahali, mpaka uso unakuwa shimo. Ngozi nyeusi ina mwanga wake: unakaa ku kipaji cha uso, juu ya mufupa wa shavu, ku mugongo wa pua, ku mudomo wa chini, na ni mwanga mukali kuliko ule wa ngozi nyeupe. Dawa iko karibu. Mufuko wa simenti una karatasi za ndani ambazo hazikugusana na simenti. Zina rangi ya kahawia. Zikunjue, zikung'ute, zikate. Rangi hiyo tayari ni nusu ya ngozi yetu. Makala yatafanya giza, na chaki ya darasani itafanya mwanga, kidogo tu, pahali patatu ao pane. Tshibumba alikuwa na mifuko ya unga. Sisi tuna ya simenti, na kwa jinsi mutaa unavyojenga siku hizi, haitakosekana.

Na ile hali ya moyo, inakaa wapi hasa? Watu wanafikiri furaha ni mudomo kupanda na huzuni ni mudomo kushuka. Njo namna ya kuchora masanamu ya watoto. Mwaka wa 1862 munganga Mufaransa, Duchenne, alieleza jinsi alivyokuwa akigusa misuli ya uso kwa umeme kidogo, mumoja mumoja, ili aone kila musuli unafanya nini. Aligundua kwamba musuli wa mudomo unatii amri ya mwenyewe: ukiambiwa cheka, unacheka. Musuli unaozunguka jicho hautii. Kicheko cha kweli kinainua shavu na kukunja pembe ya jicho. Cha uongo kinabaki ku meno. Kila mutu aliyekwisha kusalimiwa na kandideti wakati wa uchaguzi anajua tofauti hiyo, sasa na aichore. Darwin, miaka kumi baadaye, mwaka wa 1872, aliandika kwamba katika huzuni ncha za ndani za nyusi zinapanda na mikunjo inatokea katikati ya kipaji, na kwamba watu wachache tu wanaweza kuifanya kwa kusudi. Kwa hiyo muchoraji wa huzuni aanze hapo, katikati ya nyusi, na mudomo auache ujisimamie.

Kuhusu tabia, ile inayobaki wakati hali ya leo imepita, hakuna munganga wa kutusaidia. Tabia imeandikwa ku uso na kazi ya miaka. Hapa kwetu reli ilifika mwaka wa 1909, kabla ya kufika Elisabethville, na kuna familia zenye vizazi vitatu ao vine vya watu wa treni. Wazee wao wana macho yaliyofinywa, kwa jua na kwa moshi, ambayo huwezi kuyapata kwa mwalimu wala kwa mama wa soko. Mama wa soko ana kidevu kilichoinuka kidogo, cha mutu anayengoja ubishi wa bei. Vitu hivyo havimo ku foto ya kitambulisho, kwa sababu mbele ya mashini ya serikali kila mutu anakuwa mutoto wa shule. Vinakuja kisha nusu saa ya mazungumzo. Ninawakataza wanafunzi wangu kushika makala katika nusu saa ya kwanza. Wakae, waulize habari, kwa lugha ya muzee mwenyewe kama wanaijua, Kilala ao Kilamba ao Kibemba, na wavizie wakati mudomo wake unafungwa baada ya kusema. Pale uso unarudi nyumbani kwake.

Nani alifanya hivyo kwa makala vizuri kuliko wote? Kwangu mimi ni mama Mujerumani, Käthe Kollwitz. Mutoto wake Peter aliuawa vitani mwaka wa 1914, tena katika inchi ya Ubelgiji, na tangu hapo mikono yake haikuacha kuchora wazazi wanaolia. Ila picha ninayowaonyesha wanafunzi ni nyingine: alijichora mwenyewe mwaka wa 1933, akiwa na miaka 66, mwaka ule Wanazi walipomulazimisha kutoka katika Akademi ya Berlin. Ni ubavu wa mama muzee anayechora. Uso umefanywa kwa uangalifu, na mukono unashika kijiti. Kati ya bega na kiganja, pale pangekuwa mukono muzima, kuna mustari moja tu munene wa kwenda na kurudi, umepigwa kwa nguvu, kama mutu anayefuta ubao kwa hasira. Hakuna ngozi wala kikunjo cha nguo. Wanafunzi wanacheka kwanza: "Mwalimu, uyu hakumaliza!" Kisha mumoja ananyamaza, na mwingine, kwa kuwa wameona kwamba ule mustari njo yeye kabisa. Alikataa kumaliza mukono ili tusikie nguvu yake.

Sasa upinzani mukubwa, na huu hautoki kwa wachoraji, unatoka kwa familia. Kuna mwanafunzi mumoja, simutaji, aliyemuchora babu yake, muzee wa reli, miezi michache kabla ya kifo. Alikaa naye mchana tatu. Jicho moja lilikuwa limefinywa kuliko lingine, mikunjo ya shingo ilikuwepo yote, na ku pembe ya mudomo palikuwa na dharau ile ndogo ambayo kila jirani aliijua, ya mutu aliyekwisha kusikia uongo mwingi. Muzee mwenyewe aliiangalia kwa muda murefu, kisha akasema: "Eeh, njo miye." Alipokufa, watoto wake wakubwa walikataa picha hiyo isiwekwe ku kilio. "Uyu haiko papa, mulimuzeesha. Batu batasema tulimuacha na njaa." Walilipa pesa kwa duka, walitoa ile ya koti na mawingu. Ya makala ilienda chumbani kwa mujane, na iko pale mpaka leo, pembeni ya kitanda, pahali ambapo wageni hawafiki.

Siwachekelei watoto wale. Wanasema neno zito: marehemu apewe heshima, na desturi yetu haimutoi muzee nje akiwa amechanika. Sawa. Lakini tuulizane heshima ni nini. Muzee alifanya mikunjo ile kwa miaka sabini. Ni kazi yake, ameilipia. Singiti wa Wahemba hana mikunjo, lakini muchongaji hakuifuta kwa haya, aliiacha kwa sababu alikuwa na neno kubwa zaidi la kusema juu ya babu. Duka la kopi linaifuta kwa sababu halina neno lolote. Na simu za siku hizi zinapaka uso hata bila kuombwa, zinapunguza pua, zinaangaza ngozi; kizazi kinachokua sasa kitazikwa kikiwa na sura ambazo hakikuwa nazo hata siku moja. Mutoto wa mutoto wake akiuliza "babu alikuwa mutu wa namna gani?", utamuonyesha mawingu?

Tena ile sauti ya "watu watasema" haihusu marehemu hata kidogo. Inahusu sisi, watoto, na hofu yetu ya kuonekana masikini mbele ya majirani. Tunamuvalisha muzee koti ili sisi tusione haya. Ile ni biashara ya wazima, na ifanywe, lakini isipewe jina la desturi mbele yangu.

Wachoraji nao wana jibu lao, ninalijua kwa moyo: "Mwalimu, tunakula na foto. Nani atalipa mchana tatu?" Ni kweli mchana tatu ni nyingi kwa mutu anayelipa kodi ya nyumba. Lakini si lazima ziwe tatu. Mumarekani John Sargent, alipochoka na picha kubwa za rangi za matajiri mwaka wa 1907, aligeukia nyuso za makala, akachora mamia, na kila moja aliimaliza kwa kikao kimoja, saa mbili, tatu hivi. Mukono uliozoea hauchelewi. Karo zenyewe, kwa foto ya kadi, zinawachukua wachoraji wetu siku mbili za kuhesabu, niliwaona kwa macho yangu. Muda upo, umetumiwa ku rula.

Ninaomba shirika letu, ambalo linatoa kijitabu hiki kwa kulinda desturi, liache kwanza kutafuta ngoma zilizopotea, na liwatume vijana kumi wenye makala kwa wazee kumi walio hai, mutaa kwa mutaa, kuanzia wale waliopita miaka themanini. Familia isiulizwe juu ya koti. Muzee peke yake aulizwe kama amejitambua, na jibu lake liandikwe nyuma ya karatasi, pamoja na siku na mwezi. Kama akisema hapana, kijana arudi kesho.

Walimu wenzangu wanaotaka kujua namna ya kuchoma vijiti wanikute kisha saa saba nyuma ya madarasa, siku ya Jumatano. Kila mumoja alete kopo lake. Yangu mawili yamekwisha kutoboka.